Reli ya Namuwongo na Mlango wa Pili wa Uganda



Chini ya kilima cha Muyenga, katika mji wa Kampala, kipo kitongoji cha Namuwongo, ambacho wengi wenu mnakifahamu kwa doria na kwa makazi. Kitongoji hiki kimebanwa na njia mbili. Ya kwanza ni mfereji wa Nakivubo, unaochukua maji ya mvua na taka za mji na kuyamwaga katika Ziwa Victoria. Ya pili ni reli, ambayo kandokando yake watu wameanika nguo, wamepanga nyanya na mkaa, na wameifanya kuwa njia ya miguu ya kwenda kazini katika eneo la viwanda. Mfereji ule haukupata kubeba shehena hata siku moja. Lakini reli ile ni habari nyingine. Tawi lake moja linateremka hadi Luzira, kwenye gati la Port Bell, na kwa miaka mingi lilikuwa kiungo kati ya mji mkuu wa Uganda na uchukuzi wa mizigo majini.

Leo mtu anaweza kukaa Namuwongo muda mrefu asione treni ya mizigo ikielekea ziwani kwa wingi ule uliotazamiwa na waliolijenga tawi hilo. Swali letu basi ni hili: uchukuzi wa mizigo katika maziwa na mito ya Uganda ulidhoofika kwa sababu gani, na jambo hilo lina uzito gani kwa wale waliokabidhiwa ulinzi wa nchi?

Jibu jepesi ni kwamba lori liliishinda meli. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Ziwa halijakauka. Mto Nile unatiririka kama ulivyotiririka. Tukiifuata historia hatua kwa hatua tutaona kwamba njia ya maji haikufia majini. Ilikufa pale maji yanapokutana na nchi kavu: kwenye gati, kwenye chelezo za kutengenezea meli, kwenye reli inayofika bandarini, na kwenye mapatano baina ya serikali jirani.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba biashara ya majini haikuletwa na wageni. Kabla ya ukoloni Buganda ilikuwa na makundi makubwa ya mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, na mwenye dhamana ya mitumbwi ya Kabaka alikuwa mkuu mwenye cheo cha Gabunga. Mitumbwi hiyo ilichukua askari na ilichukua mali. Katika Ziwa Albert, chumvi ya Kibiro ilisafirishwa hadi masoko ya mbali. Watu wa nchi hizi walijua zamani kwamba mzigo unaowachosha watu ishirini njiani huwa mwepesi ukipakiwa chomboni.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mahali ambapo wakati huo palihesabiwa kuwa ndani ya himaya ya Uganda. Ndiyo maana reli ile iliitwa Reli ya Uganda, ingawa haikufika Kampala. Ilikoma kwenye maji, na kazi iliyobaki ikaachiwa meli. Meli ya kwanza ya moshi, William Mackinnon, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa na kuunganishwa upya Kisumu, na ikaingizwa ziwani mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, na baadaye Usoga na Rusinga. Zote zililetwa kwa vipande na kuungwa hapa. Tanuri zake zilikula kuni zilizokatwa katika misitu ya pwani za ziwa, na pembeni mwa kila gati palikuwa na rundo la magogo na kundi la wachukuzi.

Upande wa Kampala, bandari ilijengwa Luzira na kupewa jina la gavana Sir Hesketh Bell. Katika miaka ya 1910 reli fupi ikaunganisha bandari hiyo na mji. Reli hiyo, ambayo haikuzidi mwendo wa kilometa kumi na ushei, ndiyo iliyokuwa reli ya kwanza ya Kampala. Kwa maneno mengine, Kampala iliunganishwa na ziwa kwa reli kabla ya kuunganishwa na Nairobi kwa reli. Nguo, chumvi, saruji, mabati na mashine za kuchambulia pamba ziliingia kwa mlango huo. Pamba na baadaye kahawa zilitoka kwa mlango huo huo.

Serikali ya kikoloni haikuijenga njia hii kwa kuwahurumia wananchi. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilitaka pamba, na Hazina ya Uingereza ilitaka reli iliyojengwa kwa gharama kubwa ijilipie. Kwa hiyo njia ya maji ilisukumwa mpaka kwenye mashamba. Mto Nile unapotoka Jinja una maporomoko yasiyopitika kwa meli. Ili kuyakwepa, ikajengwa reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, nayo ikafunguliwa mwaka 1912. Kutoka Namasagali meli zenye gurudumu la kupigia maji zilishuka na mto, zikaingia Ziwa Kyoga, zikakusanya pamba ya Teso na Lango, na kufika Masindi Port. Hapo mizigo na abiria walipanda magari hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert. Butiaba kulikuwa na meli nyingine. Iliyojulikana zaidi ni Robert Coryndon, iliyoingizwa majini mwaka 1930. Meli hizo zilivuka hadi Kasenyi na Mahagi upande wa Kongo, na vyombo vingine vilishuka na Nile hadi Nimule, mpakani mwa Sudan. Kutoka Nimule barabara ilikwenda Juba, na kutoka Juba stima za Sudan zilikwenda Khartoum.

Tazameni mnyororo huo, ndugu wasikilizaji. Mtu aliweza kutoka Mombasa hadi Khartoum akibadilisha treni na meli, meli na gari, gari na meli. Kwenye ramani lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lakini kwa mwenye mzigo lilikuwa na kasoro moja kubwa. Fikirini robota moja la pamba kutoka Lango. Lilipakiwa melini Kyoga, likateremshwa Namasagali na kupakiwa kwenye treni, likateremshwa Jinja na kupakiwa melini, likateremshwa Kisumu na kupakiwa tena kwenye treni, kisha likateremshwa Mombasa na kupakiwa kwenye meli ya baharini. Kila kuteremsha kulikuwa na mshahara wa wachukuzi, kulikuwa na ghala la kulipia, kulikuwa na siku za kungoja, kulikuwa na mvua na kulikuwa na mwizi. Maji yenyewe yalikuwa njia rahisi. Gharama ilikuwa kwenye kingo zake.

Kabla hatujaendelea, hapana budi tueleze thamani ya njia hii kwa vita, kwa kuwa wasikilizaji wetu ni watu wa silaha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli hizi za mizigo zilifungwa mizinga na kuwa meli za vita. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalipakiwa Kisumu, yakavuka ziwa na kuuteka mji wa Bukoba uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwezi Julai 1916 mji wa Mwanza nao uliangukia mikononi mwao kwa shambulio lililobebwa na meli. Aliyekuwa na vyombo vingi ziwani ndiye aliyechagua mahali pa kupigania, kwa sababu alihamisha askari, baruti na chakula kwa muda mfupi kuliko adui aliyetembea kandokando ya ufuko. Tangu wakati huo yeyote mwenye akili ya kijeshi anajua kwamba gati ni mali ya ulinzi, hata siku ambayo linapakia pamba tu.

Sasa tuingie katika kudhoofika kwenyewe. Hatua ya kwanza ilitokana na reli. Mwaka 1929 reli kutoka Tororo ilifika Soroti, katikati ya nchi ya pamba. Mwezi Januari 1931 daraja la Nile pale Jinja lilikamilika, na treni ya kutoka Mombasa ikaingia Kampala bila kugusa ziwa. Mzigo uliofungwa Kampala uliweza kufunguliwa Mombasa. Wafanyabiashara hawakuhitaji kushawishiwa. Meli za Ziwa Victoria hazikukoma, kwa kuwa bado miji ya ufukweni ilizihitaji. Lakini toka siku hiyo Port Bell haikuwa tena mlango mkuu wa Kampala. Ikawa mlango wa uani.

Hatua ya pili iliwapata watu wa Kyoga na Albert. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zisizo za kawaida zilinyesha Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya meta mbili katika muda wa miaka mitatu hivi. Maji hayo yaliteremka na Nile, yakang'oa visiwa vya mafunjo, yakaziba magati na kuzamisha maghala. Butiaba iliingiliwa na maji. Robert Coryndon ilizama hapo mwaka 1964, na mabaki yake ya chuma yalikaa ufukweni kwa miongo kadhaa kabla ya kukatwakatwa na kuuzwa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaamua kutozirudisha huduma za Kyoga na Albert. Reli ya Namasagali ikaachwa, na majengo ya bandari yale yakageuzwa kuwa shule.

Je, mafuriko ndiyo yaliyoua? Hapana. Wakati huohuo reli ya kaskazini ilikuwa inasonga mbele kutoka Soroti kupitia Lira na Gulu, na ilifika Pakwach mwaka 1964. Mizigo ilikuwa tayari inahama. Mafuriko yalimaliza kazi iliyokwisha kuanzwa.

Mfano wa nchi nyingine utatusaidia kulielewa jambo hili. Uingereza, nchi iliyoleta meli zile, ilichimba mifereji mingi sana katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Makaa ya mawe, udongo wa vyungu na nafaka vilisafirishwa katika mashua nyembamba zilizovutwa na farasi. Mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa, na toka hapo mifereji ikaanza kunyang'anywa mzigo kidogo kidogo, kwanza na treni, halafu na malori. Katika baridi kali ya mwaka 1962 na 1963 mifereji iliganda kwa muda mrefu, mashua zikanaswa katika barafu, na wateja wengi waliohamia barabarani hawakurudi. Huko ilikuwa barafu, huku ilikuwa mafuriko, karibu katika miezi ileile. Na bado katika bara hilohilo la Ulaya mto Rhine haukupoteza mizigo yake. Mifereji ya Uingereza ilikuwa myembamba na mashua zake ndogo. Rhine ni mpana, matishari yake ni makubwa, bandari zake zina mashine za kupakulia, na nchi zinazopakana nao zina mapatano ya muda mrefu juu ya uhuru wa kupita. Kumbe maji hayashindwi kwa kuwa ni maji. Hushindwa kwa kuwa ni madogo mno, au kwa kuwa hayakutunzwa.

Tukitumia kipimo hicho tutaona kwamba vifo viwili vya Uganda havifanani. Njia ya Kyoga ilikuwa kama mifereji ya Uingereza: vyombo vidogo, kina kifupi, mafunjo, na kupakua mara nyingi. Kuachwa kwake hakukuwa kosa la kulaumiwa sana. Ziwa Victoria linafanana zaidi na Rhine. Ni pana, lina kina, linagusa nchi tatu, na pande zake mbili, Kisumu na Mwanza, zina reli zinazokwenda hadi bandari za bahari, Mombasa na Dar es Salaam. Njia hiyo haikustahili kudhoofika kama ilivyodhoofika.

Na kwa kweli wataalamu wa miaka ya 1960 walilijua hilo. Walikwisha kutambua kwamba ugonjwa uko kwenye kingo, wakatafuta dawa yake. Dawa ilikuwa ni feri ya kubeba mabehewa. Badala ya kupakua mzigo, behewa zima huingizwa ndani ya feri juu ya reli iliyotandikwa sakafuni, huvushwa, na upande wa pili huvutwa na injini ya treni bila gunia hata moja kuguswa. Feri mbili za namna hiyo, Umoja na Uhuru, ziliundwa Scotland na kuanza kazi katikati ya miaka ya 1960. Kila moja iliweza kuchukua mabehewa 22. Hebu tupige hesabu. Ikiwa kila behewa limebeba tani 40, safari moja ni tani 880. Lori kubwa likibeba tani 28, huo ni msafara wa malori zaidi ya 30. Malori hayo yana madereva na wasaidizi wao, yana vituo vya ukaguzi, yana ajali, na yana lami yanayoichakaza. Feri inahitaji kikosi kidogo cha mabaharia na nahodha mmoja mwenye kujua kazi yake.

Lakini feri hizo zilikuwa mali ya shirika moja la nchi tatu, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Vyombo vikagawanywa. Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikabaki Tanzania. Karakana kuu ya meli ilikuwa Kisumu. Uganda, ambayo ndiyo iliyokuwa ikizihitaji feri kuliko wenziwe kwa kuwa haina pwani ya bahari, ikabaki na magati na reli ya Port Bell bila feri ya mabehewa. Upungufu huo uliondolewa katika miaka ya 1980 kwa kununuliwa feri tatu zilizoundwa Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa. Moja ilichukua jina la mfalme wa Bunyoro aliyewapinga Waingereza kwa silaha, na mbili zilichukua majina ya mazao yaliyoijenga njia ile tangu mwanzo.

Hapa ndipo historia inapotoa funzo lake, nalo linaonekana vizuri tukilinganisha miaka mitatu: 1976, 1987 na 2008.

Mwezi Julai 1976, baada ya shambulio la Entebbe, uhusiano wa Uganda na Kenya uliharibika. Mafuta na bidhaa za Uganda zilikwama upande wa Kenya kwa wiki kadhaa, magari yakasimama, na viwanda vikapunguza kazi. Wakati huo feri za ziwani zilikuwapo. Lakini serikali ya Uganda ilikuwa na ugomvi na Tanzania pia, na kwa hiyo njia ya Mwanza haikuweza kuwa kimbilio. Maji yalikuwapo, vyombo vilikuwapo, ujirani mwema haukuwapo.

Mwezi Desemba 1987 risasi zililia mpakani Busia, na mpaka wa Kenya na Uganda ukafungwa kwa siku chache. Mara hii hali ilikuwa tofauti. Uganda ilikuwa na feri zake tatu, ilikuwa na maelewano na Tanzania, na mabehewa yaliweza kuvuka kutoka Mwanza hadi Port Bell. Njia hiyo haikuweza kubeba mizigo yote ya nchi, lakini ilitosha kumwonyesha jirani na mfanyabiashara kwamba Uganda ina mlango wa pili. Mtu mwenye milango miwili hawezi kufungiwa nyumbani mwake kwa urahisi.

Mwezi Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kuzusha ghasia, barabara zilizibwa na reli iling'olewa Kibera, Nairobi. Petroli ikawa adimu Kampala na bei yake ikaruka. Je, mlango wa pili ulikuwa wapi? Tarehe 8 Mei 2005 Kabalega na Kaawa, feri mbili za nchi moja, ziligongana katikati ya ziwa pana, na Kabalega ikazama. Baada ya hapo Kaawa na Pamba nazo ziliondolewa kazini, na kwa miaka kadhaa Uganda haikuwa na feri yake ya mabehewa inayofanya kazi. Ujirani mwema na Tanzania ulikuwapo, maji yalikuwapo, vyombo havikuwapo. Mlango wa pili ulikuwa umefungwa kwa ndani na mwenye nyumba.

Yako mengine yaliyochangia. Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yalitanda Port Bell na Kisumu kama zulia, yakazuia vyombo kutia nanga na kuziba mabomba ya mitambo. Wadudu maalumu waliofugwa kwa ajili hiyo pamoja na mashine za kuvuna waliyapunguza, ingawa hayakutoweka. Reli nayo ilichakaa. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990, treni hazikuwa zikienda tena Pakwach wala Kasese. Huu ndio uchungu wenyewe wa habari hii. Reli ya kaskazini iliziua meli za Kyoga na Albert, kisha nayo ikazimika kwa vita na kwa kukosa matunzo. Mwananchi wa Pakwach aliyekuwa na meli, halafu akawa na treni, akabaki na lori peke yake. Hakukuwa na cha kurudia, kwa sababu meli zilikwisha kuwa vyuma chakavu.

Katika miaka ya karibuni dalili njema zimeonekana. Mwezi Juni 2018 feri Umoja ya Tanzania ilifika tena Port Bell na mabehewa ya shehena iliyotoka Dar es Salaam, baada ya muda mrefu wa kimya. Mwezi Desemba 2019 feri Uhuru ya Kenya, iliyofufuliwa kwa matengenezo ambayo Jeshi la Majini la Kenya lilishiriki, ilianza tena kuleta mafuta kutoka Kisumu. Mwaka 2020, madereva wa malori walipopanga foleni za kilometa nyingi Malaba na Busia wakingoja kupimwa ugonjwa wa korona, thamani ya chombo kinachovusha mzigo mkubwa kwa watu wachache ilionekana bila kuhitaji hotuba. Mwaka huohuo, mwezi Mei, ziwa lilipanda tena hadi kufikia kiwango cha mwaka 1964, na maji yakaingia bandarini. Mwenye kudharau gati akumbushwe kwamba ziwa halimsubiri.

Ndugu wasikilizaji, tusiseme kwamba malori yaondolewe barabarani. Hakuna feri itakayopeleka unga mpaka dukani Namuwongo. Wala tusidhani kwamba meli zikinunuliwa kesho mambo yatakuwa sawa, kwa kuwa feri za mwaka 1983 nazo zilikuwa mpya siku moja. Historia inatuonyesha kwamba njia ya mizigo majini ina viungo vinne: chombo kilicho salama, gati lililo imara, reli inayofika gatini, na mapatano na jirani. Kikikatika kimoja, vitatu vilivyobaki havina faida. Mwaka 1976 kilikatika cha nne. Mwaka 2008 kilikuwa kimekatika cha kwanza.

Na viungo hivyo, tukivitazama kwa makini, kila kimoja kina sehemu inayoangukia mikononi mwa askari. Chombo hakiwi salama bila polisi wa majini kukataa kukiacha king'oe nanga kikiwa kimezidisha uzito. Mwezi Mei 1996 meli ya Tanzania, MV Bukoba, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya roho zikapotea. Reli haifiki gatini ikiwa mataruma ya chuma yanang'olewa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Anayeiba taruma moja hajaiba chuma tu, amekata njia ya nchi, kama vile adui angefanya. Wala mapatano na jirani hayadumu ikiwa mpakani na ziwani mwenye mzigo wa haki anatendewa kama mhalifu.

Kuhusu wananchi wanaoishi na kufanya biashara kandokando ya reli, neno moja linafaa kusemwa. Wao hawakuiua reli hii. Walisogea karibu nayo kwa sababu treni zilikuwa zimepungua na pango la nyumba kwingineko lilikuwa juu. Kazi ya kuiweka njia wazi ni kazi ya lazima, kwani treni haina usukani wa kumkwepa mtoto. Lakini inafaa ifanywe kwa taarifa ya mapema, kwa sheria na kwa utu, ili mwananchi yule awe mlinzi wa kwanza wa reli. Yeye ndiye anayelala hatua kumi kutoka kwenye taruma, na yeye ndiye anayesikia nyundo ya mwizi saa nane za usiku kabla ya doria yoyote.

Nchi isiyo na pwani haina anasa ya kuchagua njia moja tu. Kwa Uganda, barabara ya Malaba ni lazima, reli ya Tororo ni lazima, na ziwa nalo ni lazima, hata katika mwaka ambao hesabu za biashara zinaonyesha kwamba lori linafika mapema zaidi. Kamanda hamwondoi askari wa akiba kwa kuwa leo hakuna mapigano. Tawi lile la reli linaloteremka kutoka Namuwongo hadi Port Bell, pamoja na gati lililo mwisho wake, ni akiba ya namna hiyo. Linapaswa kukaguliwa, kuzibuliwa mitaro yake, kukazwa misumari yake na kupitishwa treni mara kwa mara, ili siku mlango wa kwanza utakapofungwa, wa pili uitike ukisukumwa.